Meneja Aliyekuja Zamu ya Usiku

Ninaandika ushuhuda huu kwa ajili ya mtu ambaye simjui jina. Huenda yuko ughaibuni, huenda yuko nyumbani. Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, au watoto, au wagonjwa, na kila akikaribia kuingia zamu tumbo linamkata. Wazee hawamtishi. Kinachomtisha ni namna ile nyumba inavyoendeshwa. Kama ni wewe, soma polepole. Mimi nilipita hapo, na Mungu alinivusha kwa mikono ya watu. Mmoja wao alikuwa meneja.

Nimezaliwa Magila, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Mama yetu aliuza machungwa barabarani akatusomesha. Nilipokuwa kwenye kwaya ya vijana tulikuwa tukienda kuwaimbia wazee wa makazi ya Mwanzange, Tanga mjini. Tunawapelekea sabuni na sukari, tunaomba nao, jioni tunarudi tukiimba kwenye gari. Sikuwahi kufikiri kwamba kuwaogesha na kuwalisha wazee ndiyo ingekuwa riziki yangu, tena kwenye nchi ya baridi. Nilimfuata mume wangu Uingereza, kwenye mji mmoja wa kaskazini, na kama Wabongo wengi waliotutangulia nikaanza kubeba boksi. Nilipitia ghala, nikapitia usafi wa ofisi, kisha dada mmoja wa kanisani akaniingiza kwenye kazi ya kea.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Kule mzee akishindwa kuishi peke yake, na wanawe wako kazini au miji ya mbali, huhamia kwenye nyumba ya matunzo. Anapewa chumba chake, anatundika picha zake ukutani. Wengine hulipiwa na halmashauri, wengine huuza nyumba zao ili walipe. Wengi wao wana ugonjwa wa kusahau. Sisi tunawaamsha, tunawaogesha, tunawabadilisha nepi, tunawalisha, tunawageuza kitandani wasipate vidonda. Kila tunachofanya tunakiandika. Dawa hutolewa na kiongozi wa zamu, naye hutia sahihi kwa kila kidonge.

England kuna tume inayokagua nyumba hizi, inaitwa CQC. Wakaguzi wake wanakuja na maswali matano. Je, nyumba ni salama? Je, huduma inaleta matokeo? Je, wafanyakazi wana upole? Je, mahitaji ya kila mtu yanasikilizwa? Na je, nyumba inaongozwa vizuri? Baada ya hapo wanatoa daraja: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au haifai. Yetu ilikuwa inahitaji kuboreshwa. Lile swali la uongozi huwekwa mwisho kwenye orodha, na sisi wa chini hatukuwa tukilizungumzia. Lakini tuliishi ndani ya jibu lake, usiku na mchana.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi. Ratiba ya zamu za Jumatatu ilibandikwa Jumamosi jioni, kwa hiyo hakuna aliyejua wiki yake itakuwaje wala nani atawachukua watoto shuleni. Makabidhiano ya zamu yalikuwa maneno matatu: wote wako sawa. Unaingia chumbani unamkuta bibi hajanywa chochote tangu mchana, ilhali fomu ya maji inasema amekunywa vikombe sita, vyote vimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Glovu zilifungiwa ofisini kwa meneja. Akiondoka saa kumi na moja jioni, ameondoka na ufunguo.

Kubwa kuliko yote, ukisema unaadhibiwa. Wengi wetu tulikuwa na mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi. Mtu akiripoti kwamba dawa imekosewa, hafukuzwi. Wiki inayofuata jina lake halimo kwenye ratiba, basi. Ana kodi ya nyumba, ana watoto, ana mama Tanzania anayesubiri dawa ya presha. Wiki ya pili atanyamaza. Tulijifunza kunyamaza wote.

Sheria ya England haisemi mzee mmoja awe na wahudumu wangapi. Inasema wawepo wafanyakazi wa kutosha. Anayeamua kutosha ni wangapi ni wale wanaoongoza nyumba. Kwetu iliamuliwa kwamba usiku wanatosha wawili kwa ghorofa nzima, wakati wazee wengi walihitaji watu wawili kugeuzwa tu. Mkiwa chumba kimoja mnamgeuza mmoja, vyumba vingine vyote havina mtu.

Yule meneja wa kwanza sitaki kumsema kama mtu mwenye roho mbaya. Nadhani naye alikuwa anaogopa. Wakubwa wake walimpigia simu kuuliza vitanda vingapi viko wazi, siyo kuuliza wazee wamelalaje. Basi hofu ilishuka kutoka kwao ikaja kwake, ikatoka kwake ikaja kwetu. Na kutoka kwetu ilifika kwa wazee, maana mtu anayeogopa huwa na mikono ya haraka.

Mwaka 2020 ukaingia.

Mnamo Machi 19 hospitali za England ziliagizwa kupata nafasi ya vitanda angalau 15,000 kwa kuwatoa wagonjwa walioweza kutoka. Machi 23 Waziri Mkuu alitangaza watu wakae ndani. Wazee wengi walitolewa hospitalini wakaletwa kwenye nyumba za matunzo bila kupimwa korona. Kwetu aliletwa babu mmoja jioni, na gari la wagonjwa, ana mfuko wa dawa na karatasi moja. Alikuwa anakohoa kidogo. Tukaambiwa ni kifua chake cha siku zote. Akawekwa ghorofa yetu, chumba kilicho karibu na sebule ya kulia chakula.

Hatukupewa maelekezo. Barakoa tulipewa moja kwa zamu nzima ya saa kumi na mbili. Aproni zilipokwisha tulijifunga mifuko ya taka. Mpishi akaugua. Kiongozi wa zamu wetu akaugua. Meneja akachukua likizo ya ugonjwa. Naibu wake aliacha kazi kwa ujumbe wa simu. Ofisi ikabaki imefungwa, taa ndani inawaka.

Sasa nifike mahali ambapo mpaka leo nikisimulia sauti hunipotea.

Ilikuwa Aprili. Usiku. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa wakala, yaani kampuni inayokodisha wafanyakazi, usiku wake wa kwanza pale. Hakuwajua wazee. Hakujua hata swichi za taa ziko wapi.

Kulikuwa na bibi mmoja chumba cha upande wa bustani. Alikuwa mwalimu zamani. Kila nikimvisha soksi alinisahihisha Kiingereza changu, halafu anacheka. Usiku ule hakucheka. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida. Daktari alizungumza nami kwa simu. Akasema nimpe dawa ya kumtuliza, nikae naye. Hospitali hawatampokea.

Nikampigia binti yake. Hakuruhusiwa kuja. Nikamwekea bibi simu sikioni. Nikamshika mkono. Nilikuwa na glovu. Nilitamani nivue.

Kengele ikalia chumba kingine.

Kijana alikuwa upande wa pili na mzee mwingine. Hakusikia. Kengele ikaendelea. Binti alikuwa analia kwenye simu. Anasema, mama, mama. Bibi ananitazama mimi. Kengele inalia.

Nina mikono miwili tu. Nilisema, Yesu, niende wapi? Sikwenda. Nilibaki.

Bibi akakata roho kabla ya alfajiri. Nilimfumba macho. Nikamwambia binti yake. Kisha nikakimbia kwenye ile kengele. Mzee alikuwa sakafuni. Ameanguka akienda chooni. Hai, lakini amevunjika nyonga. Sijui alilala pale kwa muda gani. Alikuwa amechoka kuita.

Nilikaa naye sakafuni nikisubiri gari la wagonjwa. Hapakuwa na mtu wa kumpigia. Namba ya zamu ya dharura ya kampuni iliita tu. Asubuhi wakaja watu wa mazishi wamevaa mavazi meupe mpaka usoni. Wakambeba mwalimu wangu kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyeomba. Kwetu hata maskini hazikwi hivyo.

Baada ya hapo homa ikanipata.

Nilijifungia chumba cha watoto, wao wakahamia chumbani kwa baba yao. Nilipiga simu namba ya huduma ya afya, nikaambiwa nibaki nyumbani. Kupanda ngazi kulinishinda. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, nikilala chali pumzi inakata. Malipo ya ugonjwa kwa sheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Kodi yetu peke yake ilizidi hapo. Mume wangu akaongeza zamu ghalani, akirudi anapika uji, anauweka mlangoni, anagonga, anarudi nyuma. Tunazungumza kupitia ubao wa mlango. Dada yangu wa Reading aliagiza chakula kikaletwa mlangoni. Mama, Magila, alikuwa akinisomea Zaburi ya 91 kwa simu kila usiku, saa zao za alfajiri, mpaka salio linakata. Pasaka ya mwaka ule, Aprili 12, makanisa yalikuwa yamefungwa. Mchungaji alituombea kwa simu, mmoja mmoja.

Kuna usiku nilimwambia dada yangu nguo za shule za watoto ziko kabati gani. Akaelewa ninachosema. Akaninyamazisha. Akaanza kuomba kwa sauti. Nilisikia sauti yake inatetemeka kwenye simu. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

Mungu hakuruhusu nife. Homa ilipungua, kikohozi kikabaki. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua: ile nyumba sirudi. Kila nikifumba macho nilisikia kengele.

Ndipo siku moja simu ikaita, namba ya kazini. Nilitetemeka. Nilijua wataniuliza kwa nini sijaja. Sauti ya mama mtu mzima ikajitambulisha: yeye ni meneja mpya, aliwahi kuwa nesi wa hospitali, ameletwa kusimamia nyumba. Akasema hanipigii kuniuliza narudi lini. Akauliza napumuaje. Akauliza nani ananipikia, na kama nina kipimajoto. Mwisho akaniambia kwamba kampuni imekubali kulipa mshahara kamili kwa kila mfanyakazi anayeumwa, kuanzia siku ya kwanza ya ugonjwa. Baadaye niliambiwa na wenzangu kwamba alikataa kushika ile kazi mpaka hilo likubaliwe kwa maandishi.

Alinieleza sababu yake bila kupamba. Mtu ambaye akibaki nyumbani watoto hawali, atakuja kazini na homa yake. Atawaua wazee bila kutaka. Kwa hiyo mshahara wa mgonjwa ni kinga ya wazee. Mwezi Julai mwaka uleule zikatoka takwimu za utafiti wa nyumba za matunzo za England, zikaonyesha jambo hilohilo: nyumba zilizolipa wafanyakazi wakiumwa zilikuwa na maambukizi machache kwa wazee wao, na zile zilizotegemea sana watu wa wakala zilikuwa na maambukizi zaidi. Yule mama hakungoja takwimu.

Nilirudi. Siku ile nilisimama nje ya geti miguu imegoma. Alitoka akanifuata. Hakunishika mkono, maana haikuruhusiwa, akasimama mbali kidogo akaniambia tuingie pamoja, na nikishindwa nitarudi nyumbani na zamu yangu italipwa. Tukaingia.

Nataka nikueleze alichofanya, kwa sababu watu wakisikia uongozi mzuri hufikiria hotuba. Huyu hakuwa msemaji.

Wiki zake za kwanza alikuja usiku. Saa mbili usiku yuko kwenye makabidhiano, amevaa aproni kama sisi, anageuza wazee mpaka asubuhi. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona meneja saa tisa ya usiku. Aliona kwa macho yake watu wawili wakiwa chumba kimoja na kengele zikilia vyumba vingine. Asubuhi hakulala mpaka ameandikia wakubwa wa kampuni. Usiku tukawa watatu kila ghorofa, na mmoja wa kuzunguka. Ningependa kumwambia yule bibi wa chumba cha bustani kwamba sasa kuna mtu wa nne.

Kabati la glovu na barakoa lilitolewa ofisini likawekwa koridoni, halina kufuli. Tuliogopa zitaibwa. Akasema zikiibwa ataagiza nyingine. Hazikuibwa.

Kila ghorofa ikawa na watu wake, hakuna kuvuka. Watu wa wakala waliobaki aliwaomba wachague: wafanye kwetu tu, walipwe saa zao zote, au waende. Ratiba ikabandikwa wiki nne kabla. Utaliona ni jambo dogo. Mume wangu alipoiona ile karatasi alikaa kimya, halafu akasema, mama watoto, sasa tunaweza kupanga maisha.

Alichukua daftari la ajali akaketi nalo. Alichora mistari ya saa kwenye karatasi kubwa, akatia alama kwa kila mzee aliyeanguka. Alama nyingi zilirundikana kuzunguka saa mbili, asubuhi na usiku. Ni muda wa kubadilishana zamu, wafanyakazi wote tuko ofisini, wazee wako peke yao wakitaka kwenda chooni. Akayagawa makabidhiano: nusu ya watu wanabaki na wazee, nusu wanapokea taarifa, kisha wanabadilishana. Na taarifa ikawa ya mzee mmoja mmoja kwa jina lake: amekula nini, amekunywa kiasi gani, ngozi yake ikoje, leo amemwita nani. Kuanguka kulipungua. Hakununua mashine yoyote.

Kuhusu makosa, alitupa sheria moja. Ukikosea ukaandika, tutatafuta pamoja kwa nini imetokea. Ukikosea ukaficha, utajibu. Mwanzo hakuna aliyemwamini. Kisha kijana mmoja akaandika kwamba amempa mzee dawa ya jirani yake. Tulisubiri jina lake lipotee kwenye ratiba. Halikupotea. Daktari aliitwa, mzee akaangaliwa, familia ikaambiwa ukweli, na sehemu ya kupangia dawa ikahamishwa mbali na simu, kwa sababu simu ndiyo ilikuwa ikimkatisha mtoa dawa. Kuanzia hapo watu wakaanza kuandika.

Lakini usidhani alikuwa mlegevu. Alimkuta mfanyakazi mmoja akijaza vikombe vya maji visivyonywewa kwenye fomu. Alimwonya, akamfundisha upya, akamkuta tena. Mfanyakazi yule akaondoka. Mwingine alimfokea bibi mwenye ugonjwa wa kusahau mbele za watu. Siku hiyohiyo alisimamishwa. Wengine walinung'unika kwamba makaratasi yamezidi, na kwamba mama huyu anapekua sana. Ni kweli alikuwa anapekua. Alifungua friji, alinusa mashuka, alikaa mezani akala chakula cha wazee.

Familia alizipigia yeye mwenyewe kila jioni. Nyumba za matunzo England zina wajibu kisheria wa kusema wazi mzee anapoumia kwa sababu ya huduma, na kuomba radhi. Yule mzee aliyevunjika nyonga, wanawe waliandikiwa barua yenye ukweli wote: watu wawili, ghorofa nzima, hakuna wa kupigiwa simu. Tulidhani watatushtaki. Mwanawe mkubwa alikuja akasimama nje ya dirisha, akatushukuru kwa kuambiwa.

Na kuna hili. Alikusanya majina ya wazee wetu wote waliofariki ile Aprili. Tukakaa bustanini kwa kuachana nafasi, akayasoma. Baada ya kila jina aliuliza nani ana la kusema. Nilisema kuhusu soksi na Kiingereza changu. Nililia mbele za watu, kitu ambacho sijazoea. Niliomba kwa Kiswahili, kwa sauti, na wote wakasema amina. Siku ile ndiyo nilianza kupona.

Chanjo ilipokuja mwishoni mwa mwaka, wazee wa nyumba za matunzo na wanaowahudumia waliwekwa kundi la kwanza. Uvumi ulikuwa mwingi kwenye simu zetu, hasa sisi tuliotoka Afrika. Meneja hakutukejeli. Alimleta nesi, tukauliza maswali yote, hata ya aibu. Nilimpigia mama. Akasema, mwanangu, aliyekuponya homa atashindwa na sindano? Nikachanjwa.

Wakaguzi walirudi baadaye wakatupa daraja la nzuri. Mmoja wao alituuliza sisi wa usiku kama tunamfahamu meneja wetu. Tukacheka, maana alikuwa ametoka kutuwekea chai.

Yeye ndiye aliyenisukuma nikasome stashahada ya uongozi wa huduma za watu wazima, ngazi ya tano. Nilisoma mchana, nikifanya kazi usiku, mume wangu akisimamia madaftari ya watoto. Leo mimi ni naibu meneja. Namshukuru Mungu, na nawashukuru watu wangu.

Lakini nisikudanganye kwamba hofu imekwisha. Kengele ikilia zaidi ya muda wake, viganja vyangu bado vinalowa jasho. Katika mkoba wangu hapakosi glovu na barakoa, mpaka leo. Takwimu za serikali zinasema kati ya Machi 2 na Juni 12, 2020, vifo vya wazee wa nyumba za matunzo vilivyohusishwa na korona England na Wales vilikuwa 19,394. Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera ya kuwatoa wagonjwa hospitalini kuwapeleka kwenye nyumba hizi haikuwa halali, kwa sababu haikuzingatia hatari ya wagonjwa wasioonyesha dalili. Kesi ililetwa na mabinti wawili waliofiwa na baba zao. Niliposoma habari ile nilikaa kwenye gari nikashindwa kuwasha injini. Wakubwa walikosea juu kabisa. Hata hivyo, sera ileile ilifika kwenye nyumba nyingi, na uongozi wa kila nyumba ulichangia katika kilichofuata.

Sasa nirudi kwako unayeteseka leo. Tangu Februari 2022 Uingereza ilifungua viza kwa wafanyakazi wa kea kutoka nje, na ndugu zetu wengi wakaja. Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje, lakini waliokwisha kuingia bado wako humo. Viza yao imefungwa kwa mwajiri. Wengi waliuza mashamba kulipa mawakala. Wananipigia usiku wa manane wakinong'ona, na ninaijua ile sauti. Ilikuwa yangu.

Ninawaambia hivi. Andika unachoona, tarehe na saa, kwenye daftari lako, bila majina ya wazee. Mweleze meneja kwa maandishi. Akinyamaza, panda juu yake. Wakinyamaza wote, iambie tume ya ukaguzi, inapokea taarifa hata kama hutaki jina lako litajwe, na tangu 1998 ipo sheria inayomlinda mfanyakazi anayefichua hatari. Ukitafuta nyumba nyingine, kabla hujakubali kazi uliza: usiku mko wangapi? Ratiba inatoka lini? Mtu akiumwa analipwaje? Meneja ana muda gani hapa? Ripoti za wakaguzi ziko wazi kwa kila mtu, zisome. Kama viza yako imefungwa kwa mwajiri, tafuta ushauri wa kisheria mapema, kabla hujaondoka na kabla hawajakuondoa.

Na usibebe peke yako. Mpigie mama. Mwambie mumeo au mkeo. Waambie watu wa kanisa au wa msikiti. Aibu ndiyo inayowafunga wengi midomo.

Nawe unayeongoza, uwe Uingereza au kwenye makazi ya wazee huko kwetu, nina ombi moja. Nenda usiku. Usitume mtu. Nenda saa tisa, keti, hesabu kengele, angalia nani anaitika. Yote utakayotakiwa kurekebisha utayaona hapo, na wafanyakazi wako watajua kwamba wana kiongozi.